Leseni ya Tosha

Ilitangazwa kwa taifa zima, kupitia karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Subhash mjini Kisii, kwamba nchi imepokelewa rasmi katika familia ya mataifa yanayoshindanisha mbwa. Karatasi ilieleza kuwa Shirikisho la Kitaifa la Michezo ya Mbwa, kwa kifupi SHIKIMBWA, sasa ni mwanachama wa muda wa Umoja wa Dunia wa michezo hiyo. Kwamba hatua hii ni ya kihistoria. Na kwamba wananchi wanaombwa kuwa watulivu. Wananchi walikuwa watulivu. Wengine waliisoma hadi chini wakidhani ni bei mpya ya saruji.

Aliyeiandika ni Nehemiah Ogoti, Katibu Mkuu. Kabla ya kuitumikia dunia, Ogoti alikuwa karani wa bodi ya shule kwa miaka ishirini na mmoja. Alikuwa mwembamba, Msabato wa kuaminika, asiyeweza kuona nafasi tupu kwenye fomu akalala salama. Aliamini kwa dhati kwamba mambo ya ulimwengu yanakwenda kwa sababu mahali fulani kuna mtu amejibu barua.

Makao makuu ya kitaifa yalikuwa chumba kimoja juu ya duka hilo. Yaliwekwa Kisii kwa kuwa mwenyekiti, Mzee Angwenyi, alikuwa anaishi Kisii, na taifa, kama alivyoeleza mwenyewe, lazima lianzie mahali. Mzee Angwenyi alikuwa amewahi kuwa mwenyekiti wa mradi wa maji, wa kwaya, wa wazazi na wa wastaafu. Hakuwa ameshindwa uchaguzi hata mmoja, kwa sababu kila alipochaguliwa hakuitisha mwingine. Mbwa hakuwapenda wala kuwachukia. Ni kwamba tu hakuwa amepata nafasi ya kuwafikiria.

Shirikisho lilikuwa na viongozi saba na kamati nne. Kamati ya Itifaki ilikutana kila mwezi. Kamati ya Nidhamu ilikutana kuijadili Kamati ya Itifaki. Kamati ya Ufundi ilikuwa na mhuri wake. Ya nne, Kamati ya Mbwa, haikuwa imewahi kukutana, kwa kukosa ajenda.

Kilichomkera mwenyekiti ni hilo neno "wa muda." Mwaka mmoja baada ya tangazo hilo alisafiri hadi ng'ambo kwenye mkutano mkuu wa Umoja wa Dunia, katika mji ambao baridi yake aliieleza kanisani Jumapili tatu mfululizo. Wanachama kamili walikaa kwenye viti, kila mmoja na bendera ndogo mbele yake, vidude vya kusikilizia masikioni, na kitufe cha kupigia kura. Wanachama wa muda walisimama nyuma, bila sauti, karibu na mahali pa kutundikia makoti. Wajumbe wawili waliochelewa walimkabidhi makoti yao. Aliyapokea kwa heshima zote, akayashika mpaka mkutano ulipoisha. Tangu siku hiyo aliota kiti.

Ili nchi iwe mwanachama kamili, Umoja ulitaka kitu kimoja tu: shindano la kitaifa la mbio za vizuizi, mbele ya mwamuzi wake. Hapo ndipo SHIKIMBWA ilipokuwa imekwama kwa miaka mitatu, na Ogoti alikuwa na faili nene kuthibitisha.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa pili, akapanda ngazi mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mabuti ya mvua miguuni, leso kichwani, na nyuma yake mbwa wa kahawia mwenye sikio lililochanika. Alisema anaitwa Nyakerario, anatoka Gesima kule Nyamira, na amekuja kuchukua leseni ya mashindano.

"Ya hii mbwa," akaongeza, akimwonyesha.

Ogoti alisimama. Katika miaka mitatu ya kazi, hakuwa amewahi kumwona mbwa kwa shughuli za kikazi. Alimweleza mama huyo kwa upole kwamba mbwa hawaruhusiwi ofisini.

Nyakerario akageuka akasoma tena maandishi ya mlangoni. "Hapa si ofisi ya mbwa?"

"Ni ofisi ya michezo ya mbwa, Mama. Mbwa mwenyewe bado hajawekewa utaratibu."

Mbwa akaambiwa neno moja la Kigusii, akaketi ngazini, hakusogea tena. Ogoti alitoa fomu namba mbili. Nyakerario alieleza kwamba mpwa wake Linet alimwonyesha kwenye simu mbwa wa nchi za watu wakiruka fito na kupenya mapipa, naye akaona mbwa wake anaweza hayo na zaidi. Sasa alikuwa amesikia kuna mashindano ya kanda mwezi wa nane, nchi jirani. Waandalizi walimwambia wazi: bila leseni kutoka shirikisho la nchi yake, asijisumbue kufunga safari.

Fomu ilianza na ukoo wa mbwa. Baba, babu, baba wa babu, kila mmoja na namba yake ya usajili. Nyakerario alijibu kwa uaminifu. Mama wa mbwa huyo alikuwa mbwa wa Mose wa Ikonge. Baba hakujulikana, ila alishukiwa. Mbwa aliitwa Tosha, kwa kuwa mamake alipozaa wa saba Mose alisema sasa inatosha, akataka kumtupa huyo wa mwisho, ndipo Nyakerario akamwomba.

Ogoti aliandika yote. Kisha akaeleza utaratibu, na hapa sauti yake ilipata mwendo mzuri, maana utaratibu huu aliutunga mwenyewe. Leseni hutolewa kwa mtu aliyekwisha kushiriki shindano linalotambuliwa. Shindano linalotambuliwa ni lile lenye washiriki wenye leseni.

Nyakerario aliigeuza fomu, akatazama nyuma yake. "Kwa hivyo mtu wa kwanza anapitia wapi?"

"Mtu wa kwanza," akasema Ogoti, "bado hajatokea."

Alikuja mara tatu, umbali wote huo kutoka Gesima. Mara ya pili aliambiwa mwenyekiti yuko kwenye kikao. Mara ya tatu aliambiwa kikao kimeahirishwa, na kwa hiyo mwenyekiti yuko kwenye kuahirisha. Hakugomba. Aliuliza tu wakubwa wa Ogoti ni akina nani, na Ogoti, kwa fahari, akampa anwani ya Umoja wa Dunia.

Wiki mbili baadaye barua ikaja kutoka ng'ambo. Umoja ulisema umepokea malalamiko ya Bi Nyakerario wa Gesima dhidi ya Katibu Mkuu wa SHIKIMBWA, Bwana N. Ogoti. Hata hivyo, kwa mujibu wa katiba, Umoja hauzungumzi na mtu binafsi wala na mbwa binafsi, bali na shirikisho la taifa peke yake. Kwa hiyo malalamiko yanarudishwa kwa Katibu Mkuu ayashughulikie, na anakumbushwa kuyatunza kwa siri ili mlalamikiwa asiyaone. Ogoti, akiwa ndiye mlalamikiwa, aliisoma upesi akaifunga.

Aliipeleka kwa mwenyekiti. Mzee Angwenyi alisema jambo ni rahisi.

"Jibu kwamba huyo mama hayuko. Kwa rejista yetu hayuko."

Ogoti alikubali kwamba kwenye rejista hayuko. Lakini mwongozo wa Umoja, ukurasa wa tisa, ulisema madai yoyote lazima yathibitishwe papo hapo, kwenye eneo.

"Basi nenda Gesima," akasema mwenyekiti, "ukathibitishe hayuko."

Ndivyo Nehemiah Ogoti alivyojikuta, Alhamisi asubuhi, akiteremka kijia chenye utelezi kati ya mashamba ya majani chai, mkoba kwapani, kumtafuta mwanamke kwa lengo la kutompata. Alimpata nusu saa baadaye, akiwa na kikapu mgongoni. Walisalimiana. Ogoti akaeleza madhumuni ya safari yake.

"Karibu basi," akasema Nyakerario. "Nitachemsha chai."

Nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha majani kilichobaki kati ya migomba na chai, kulikuwa na uwanja. Fito za mikaratusi zilikuwa zimeegeshwa kwenye vigingi kwa urefu tofauti. Magunia yalikuwa yameshonwa yakawa shimo refu la kupenya. Ubao ulikaa juu ya jiwe, upande huu ukishuka, upande ule ukipanda. Tairi la trekta lilining'inia kwenye mti kwa kamba. Na vijiti kumi na viwili vilisimama mstari mmoja, vya kupita huku na huku kama mtu anayesuka ukili.

Nyakerario hakupiga mluzi wala kelele. Alisimama mahali, akasema "genda" kwa sauti ya kumwambia mtu afunge mlango, na Tosha akaenda. Aliruka fito bila kuzigusa. Alipotelea kwenye magunia akatokea upande wa pili akiwa amekwisha kuangalia mkono wa mama uko wapi. Kwenye ubao alisubiri ushuke, akashuka nao. Kwenye vijiti mwili wake ulikuwa kama maji. Mama alikuwa akitembea tu katikati ya uwanja, akigeuza bega, akionyesha kwa vidole viwili, na mbwa alikuwa anasoma kila kitu. Mwishowe "tenena," na Tosha akasimama, ulimi nje, macho kwa mama yake.

Ogoti alifungua mkoba, akatoa kalamu. Aliomba irudiwe, kwa ajili ya kumbukumbu. Ikarudiwa. Akaomba tena, kwa sababu kumbukumbu ya kwanza haikukamilika. Mara ya nne hakutoa sababu.

Wakati wa chai alimwuliza, nje ya utaratibu wa kikazi, kwa nini anajisumbua hivi. Nyakerario aliangalia kikombe chake.

"Nimechuma majani miaka ishirini na sita," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniambia nimechuma vizuri. Wanapima tu, wanaandika, wanasema mwingine. Hii mbwa siku iliruka fito mara ya kwanza, iligeuka ikaniangalia, ikataka kujua kama nimeona. Nikaona mimi pia nataka mtu aone."

Ogoti alirudi mjini akaandika ripoti. Sehemu ya kwanza ilithibitisha kuwa mlalamikaji hayuko, kwa mujibu wa rejista. Sehemu ya pili ilieleza kuwa mlalamikaji huyo asiyekuwapo anamaliza mzunguko kamili kwa sekunde arobaini na moja, bila kosa, na kwamba Katibu Mkuu ameshuhudia mara nne. Mzee Angwenyi alisoma sehemu ya kwanza, akaipenda, akatia sahihi mwishoni.

Umoja wa Dunia ulijibu kwa furaha. Ulilipongeza shirikisho kwa kupata mshindani. Ulisema mwezi wa nne, wakati wa likizo ya shule, utamtuma mwamuzi na mkaguzi wake, Bi Halvorsen, asimamie shindano la kwanza la kitaifa. Mambo yakiwa sawa, SHIKIMBWA itapewa uanachama kamili siku hiyo hiyo, pamoja na kiti.

Mwenyekiti alisoma neno "kiti" mara kadhaa. Kisha akaagiza koti la bluu lenye nembo.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Kalenda ya Umoja ilisema mashindano yote ni Jumamosi. Viongozi wanne walikuwa Wasabato. Jumamosi ikafa hapo hapo. Jumapili ikapingwa na Wakatoliki wawili, mmoja wao akiwa mwanakwaya. Baada ya vikao vitatu ilipatikana Jumatano, ambayo haikuwa na dini. Uwanja ulikuwa wa shule moja ya msingi ya Gesima. Vizuizi vya kisasa vilitengenezwa kwa mabomba ya plastiki na Bwana Subhash, aliyeuliza mara moja tu kama kuna mbwa watakaokuja, akajibiwa kwamba hilo liko kwa kamati.

Jumatatu alasiri, mvua ikipiga mabati, Ogoti alikuwa ofisini akiisoma katiba ya Umoja kwa mara ya mwisho. Yeye ndiye mtu pekee nchini aliyewahi kuisoma. Kifungu cha kumi na nne kilikuwa kimejificha kwenye kiambatisho, kati ya urefu wa mkia na usafi wa vyoo. Kilisema kwamba katika taifa linaloomba uanachama kamili, viongozi wote watachaguliwa upya siku ya ukaguzi, na kila mwaka baada ya hapo, na kura itapigwa na wale tu waliomaliza mzunguko na mbwa wao mbele ya mwamuzi.

Alikisoma mara mbili. Akahesabu viongozi waliokuwa na mbwa. Akaangalia meza yake, mihuri yake mitatu, kalenda aliyoipigia mstari kwa rula. Hakuna mtu mwingine angejua. Kiambatisho kingeweza kupotea kwenye mashine ya kunakili, kama vinavyopotea viambatisho vya watu. Ogoti aliivua miwani, akaifuta, akaivaa, na kifungu kilikuwa bado kipo. Alichomwa na kumbukumbu ya yule mama akisema wanapima tu, wanaandika, wanasema mwingine. Akachukua karatasi, akaandika waraka.

Alimkuta mwenyekiti kwa fundi wa nguo, mikono imenyooshwa, fundi akimzunguka na pini. Mzee Angwenyi alisema hawezi kusoma akiwa hivyo.

"Inahusu nini?"

"Inahusu kiti, Mwenyekiti."

"Kiti changu?"

"Hicho hicho."

"Basi vizuri sana. Weka kwenye ajenda."

Ogoti akaweka. Ilikuwa ajenda namba sita.

Jumatano ilianza na jua. Bi Halvorsen aliteremka kwenye gari akiwa na kijiti cha kupimia mabega ya mbwa na saa ya mkononi, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alikuwa amefanya kazi ya udaktari wa mifugo Morogoro kwa miaka kumi na tatu, na Kiswahili chake kiliwatia viongozi jasho. Mwenyekiti aliposema anamkaribisha kwa niaba ya "mbwa zote za taifa," alimsahihisha kwa tabasamu, "Mbwa wote, ndugu Mwenyekiti." Hotuba ikawa fupi kuliko ilivyoandikwa.

Kisha Bi Halvorsen akafungua ajenda, akasoma namba sita kwa sauti, pamoja na kifungu chenyewe.

Watu wa Gesima, waliojaa pembeni na vikapu vyao, walisogea karibu. Mzee Angwenyi alimwangalia Ogoti, na Ogoti akaiangalia ajenda. Lakini mwenyekiti hakufika alipofika kwa kukata tamaa mapema. Alitangaza kwamba viongozi wote wa SHIKIMBWA ni washindani, moyoni.

"Vizuri," akasema Bi Halvorsen. "Leteni mbwa wenu."

Ilichukua saa moja kuazima. Ogeto, mweka hazina, alipata mbwa wa bawabu wa shule. Wengine walibisha hodi kwenye maboma ya jirani. Mwenyekiti alimchukua Bosco, mbwa wa kulinda duka, aliyekuwa nyuma ya pikapu ya Bwana Subhash pamoja na mabomba. Bwana Subhash alijaribu kumtahadharisha. Bosco, alisema, hana shida na mtu aliyesimama. Mtu anayekimbia, hapo ndipo anapoanza kazi.

"Ogoti, na wewe?" akauliza mwamuzi.

"Sina mbwa," akasema Ogoti. Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutoa akiwa kazini.

Mbwa wa Ogeto alilala chali kwenye kizuizi cha kwanza akasubiri kukunwa. Wa makamu alikwenda kwao kula. Wengine watatu walipigana, wakatengwa, wakasahau walikuwa wapi. Ikabaki zamu ya mwenyekiti. Alikuwa ameona, kwa jicho la kiongozi, kwamba kosa la wenzake ni kusubiri mbwa aelewe. Yeye angemwonyesha mfano. Akakaza koti, akaruka fito ya kwanza.

Bosco aliona mtu mwenye koti jipya akiruka ua na kutoroka. Alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya hilo hilo. Mzee Angwenyi, wa miaka sitini na mmoja, aliruka fito tano, akapita kwenye tairi, akapanda ubao ukiwa bado juu, akapotea ndani ya shimo, akatokea, akapita huku na huku vijiti vyote kumi na viwili, akavuka mstari wa mwisho kwa sekunde thelathini na nane. Bosco alikimbia kando ya vizuizi vyote na kumngojea hapo, akamshika pindo la koti, akakaa nalo.

Bi Halvorsen alitazama saa. "Mwenyekiti amemaliza bila kosa," akatangaza. "Mbwa hakuvuka kizuizi hata kimoja. Ameondolewa."

Nyakerario alivua mabuti, akayaweka pembeni, akaingia uwanjani miguu mitupu na Tosha. Sekunde arobaini, bila kosa. Wachuma chai hawakupiga kelele kwanza. Walisimama tu kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda, kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakafuata wote. Tosha alimwangalia mama yake. Safari hii mama yake alikuwa akiwaangalia watu.

Uchaguzi ulifanyika katika darasa la nne, viongozi saba wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu. Mkaguzi alieleza kwamba akidi ni nusu ya wapiga kura, na kwa kuwa mpiga kura ni mmoja na yuko wote, mkutano ni halali. Akatoa nusu saa ya kampeni.

Nusu saa hiyo Nyakerario aliitumia kwenye mfereji akimnywesha Tosha, na Mzee Angwenyi aliitumia hapo hapo pembeni yake. Alimwita dada. Alimkumbusha kwamba mashirika ya dunia yanataka mtu aliyezoea mikutano, anayejua kusimama muda mrefu. Alimwahidi nafasi ya makamu wa pili, akina mama na majani chai. Alisema yeye binafsi, tangu zamani, alikuwa na imani na mbwa huyu.

Nyakerario alinyanyua kichwa. "Mzee, hii mbwa inaitwa nani?"

Jina lilikuwa limetangazwa mara tatu asubuhi ile. Mzee Angwenyi alimtafuta Ogoti kwa macho. Ogoti alikuwa akifunga kamba ya kiatu.

"Huyu," akasema mwenyekiti, "ni mbwa wa taifa."

"Sawa," akasema Nyakerario, akafunga mfereji.

Kura ilikuwa ya siri. Mpiga kura aliingia nyuma ya ubao, akaandika, akatumbukiza. Sanduku lilitikiswa, likafunguliwa, kura ikahesabiwa mara mbili mbele ya mashahidi. Zilizoharibika hazikuwapo. Mwenyekiti aliyechaguliwa ni Nyakerario wa Gesima. Katibu Mkuu, Nehemiah Ogoti. Nafasi nyingine zote ziliachwa wazi, na alipoulizwa sababu, mwenyekiti mpya alisema hajaona kazi ya nafasi hizo. Kuhusu Ogoti alisema kidogo tu: huyu alikuja kuangalia. Ogoti alipaswa kuandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano, na ilimbidi aombe dakika moja.

Leseni namba moja ilitolewa papo hapo. Mwezi wa nane Nyakerario na Tosha walikwenda kwenye mashindano ya kanda wakawa wa sita kati ya thelathini na mmoja, na kituo cha kupimia majani cha Gesima kikasimamisha mizani kwa robo saa wakati Linet akionyesha video. Mwezi wa kumi mwenyekiti mpya alikaa kwenye kile kiti ng'ambo. Aliporudi alimwambia Ogoti kwamba vile vidude vinabana masikio, na kwamba alipiga kura tatu, mbili akielewa.

Uchaguzi unaofuata ni mwezi wa nne mwakani, na kifungu cha kumi na nne hakijabadilika. Ndiyo maana ukipita Gesima Jumanne asubuhi utawakuta waheshimiwa watano au sita wamepanga foleni kati ya migomba, kila mmoja na mbwa wake na kamba yake, wakingoja zamu bila kunong'ona. Nyakerario hukaa kwenye kigoda. Wachuma chai hupita na vikapu, husimama, hushauri, kwa sababu sasa kila mtu Gesima anajua mbio za vizuizi. Ogoti huandika muda, ingawa siku hizi ana mtoto wa mbwa miguuni na maandishi yake yameanza kupinda.

Mzee Angwenyi huja wa kwanza. Alimwomba Bwana Subhash amwachie Bosco asubuhi moja kwa wiki, na wote wawili wamepungua uzito. Wiki iliyopita Bosco aliruka fito zote tano, akapenya magunia, akapita vijiti vyote bila kuruka hata kimoja, akafika mwisho akakaa. Mzee alikuwa amebaki kwenye kijiti cha saba, mkono wake ukielekeza kwenye choo.

Aligeuka kwa matumaini, akauliza kama hiyo inahesabiwa.

"Mbwa ameelewa, Mzee Angwenyi," akasema Nyakerario. "Sasa tunangoja wewe."

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Mwenyekiti wa zamani alivuta suruali juu, akamwita Bosco, wakarudi mwanzo.